Nani Amepanda Dari Yangu?

Alhamisi. Mvua ya mawe imepiga majani chai mchana huu mpaka shamba lote linanuka kama limefyekwa. Wengine wanalia na chai. Mimi nalia na dari yangu.

Mnaosoma hapa mnajua sikupelekwa shule. Ninasema, mjukuu wangu Chebet, anayeniita Kogo, yaani nyanya, anaandika. Nimemwambia asinilainishie maneno.

Mtoto wangu wa kwanza, Kiprono, babake Chebet, anataka kutengeneza nyumba yangu. Anasema atabadilisha mabati, atamwaga simiti chini, na kule juu kwa dari atatoa vyumba viwili na dirisha. Amenieleza kwa sauti ya upole, maneno polepole. Mimi ndiye nimemzaa huyu mtu. Akiwa mpole hivyo, kuna kitu.

Kwa wale wa mbali, nieleze. Dari ya nyumba ya Kipsigis si mahali pa panya. Tunaiita tabut, na ni ya mama. Mahindi yangu yako huko, maharagwe, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kuni kavu za wakati wa mvua. Mzee wangu, Mungu amlaze pema, aliishi chini ya dari hiyo mpaka akafa na hakuipanda hata siku moja. Akisikia njaa, alikuja kuniambia. Na kijana akishatahiriwa hapandi tena. Hata kuchungulia, hapana.

Sasa mtu asiyeruhusiwa kupanda anataka kuigawanya.

Nimejiuliza, mahindi yangu yataenda wapi? Kwa stoo ya mke wake? Halafu nikitaka kupika nibishe mlango, "Chelangat, nisaidie mkebe mmoja wa mahindi, gorogoro moja tu"? Chelangat nampenda kama damu yangu. Nilipougua alinifulia nguo bila kukunja uso. Lakini mama akikosa dari yake amekuwa mgeni. Mgeni hupewa chai. Hapewi neno.

Jana fundi alikuja kutoka Litein na tepu yake. Akapima nje, akapima jiko, akafika kwa ngazi, akasimama.

"Kogo, huko siwezi kupanda. Mama yangu akisikia atanifukuza nyumbani."

"Ukijaribu, mimi nitakufukuza kabla yake."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Akanifungulia ramani ya nyumba nione. Kusoma sijui, lakini macho ninayo. Niliona mlango wangu, jiko langu, na juu yake dari. Na kwa dari, upande wa jua kuchomoza, kitundu cha moshi. Kitundu hicho kiko kweli, lakini ukiwa nje hukioni, mabati yamekifunika. Na pale pembeni kabisa, rafu ya vibuyu vyangu. Hata rafu!

Damu ikanipanda.

Mtu amepanda dari yangu. Labda Jumapili nikiwa kanisani naimba kama mjinga.

Fundi akaapa kwamba yeye ameletewa tu, Kiprono ndiye amechora. Karatasi nikakataa nayo. Nikamwita Chelangat.

"Ni wewe umepanda kwangu?"

"Mama! Nipande kwako nitafute nini? Mahindi mimi ninayo."

"Sijauliza habari ya mahindi yako."

Akaenda amevimba kama chura. Jioni akaniletea maziwa, bado amevimba. Huyo ndiye Chelangat.

Leo mawe yakigonga mabati nimekaa na ile karatasi, natafuta mwizi. Katikati ya dari kuna duara jeusi. Nikamuuliza Chebet ni nini hiyo.

"Imeandikwa nguzo, Kogo."

Hakuna nguzo.

Ilikuwako, nene, ya huko juu tu, wakati wa paa la nyasi. Tuliing'oa tulipoweka mabati, na Kiprono alikuwa ameshatahiriwa, hajui kama ilitoka.

Hakuna mtu amepanda. Kiprono amechora vile aliona akiwa mdogo, nikimtuma maharagwe. Alikuwa anakaa huko amekumbatia ile nguzo, jicho kwa kitundu, mpaka nimpigie kelele ashuke. Sasa naelewa na hivyo vyumba viwili. Kwa mtoto, dari ile ilikuwa kubwa kama kanisa. Mtu mzima huko anatembea ameinama. Vyumba viwili vya nani, vya kuku?

Nimecheka peke yangu. Halafu nimelia kidogo. Chebet, usifute hapo.

Lakini kukumbuka vizuri si ruhusa ya kunyang'anya. Nikampigia simu.

"Hivyo vyumba ni vya nani?"

Akaanza kuniuliza habari ya mvua.

"Kiprono, sema, simu inakula pesa yangu."

"Mama, ngazi yako imeoza. Siku utaanguka, nani atasikia? Nilitaka wasichana wangu walale huko, wawe karibu na wewe."

"Na mahindi?"

"Mahindi... sikufikiria mahindi."

Hapo nimemwamini. Mwanaume hafikirii mahindi mpaka ugali uchelewe. Hayo mengine bado nayapepeta. Kama ni kuanguka tu, kwa nini hakuanza na ngazi?

Mabati abadilishe. Simiti, sawa. Ngazi mpya, hata kesho. Wasichana walale chini na mimi, kama wasichana wamelala na nyanya zao tangu zamani, hawahitaji dirisha.

Dari, hapana, mpaka nipime mwenyewe. Jumamosi anakuja na fundi wake. Watasimama jikoni wote wawili, macho chini. Mimi nitakuwa juu na tepu, Chebet anasoma namba, na nikitaka kitu nitawapigia kelele. Kama kuna ukuta utakaojengwa huko, utajengwa mahali nitasema, na mahindi yatabaki upande wangu.