Picha za Shamba Bila Watu

Itumbe, Alhamisi usiku, Desemba 1999

Eti anapenda rangi ya majani chai. Ombati huyu, ndugu yangu, aliyekimbilia Amerika ili asichume chai!

Lakini sitakataa, jioni ilianza vizuri. Kamera yake haitumii filamu. Aliiunganisha na TV yetu kwa waya, na ile TV ambayo kila siku hutuonyesha chenga hata tuzungushe eriali namna gani, leo ikamwonyesha Mama wazi kabisa, amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kanisani. Mama alicheka mpaka akatoa machozi. "Kumbe nimezeeka hivi!"

Ombati akaendelea kubonyeza. Ng'ombe. Mimi nikimenya ndizi. Halafu shamba letu la chai, kona ya juu. Kona ya mtoni. Ua wa mpakani. Hakuna mtu hata mmoja, na hapo alibonyeza haraka haraka mpaka picha zikaisha. Nikamuuliza hizo za shamba ni za nini. Ndipo akaniletea hiyo habari ya rangi.

TV yenyewe haina rangi.

Sipendi kumfikiria hivi mtoto wa mama yangu. Lakini alipoenda kulala nilimnong'onezea Mama aifiche hati ya shamba.

"Nilimpa jana," akasema. "Alitaka kuipiga picha tu, halafu arudishe."

Picha zake zote nimeziona leo, mpaka ya mwisho. Hati haikuwemo.