Usukani mzito kwenye kona za Ngomo

Jumamosi, usiku. Mvua imekatika, lakini mawingu bado yamelala juu ya ziwa. Mikono inaniuma, hata kuandika hapa ni kazi.

Asubuhi jirani wa maman alinipigia simu kutoka Kamanyola. Maman amevimba miguu na mikono, pumzi inakuwa fupi, na muganga wa zahanati ya kule anataka apandishwe Bukavu leo leo. Nikashuka kumchukua na motokari yangu kuukuu.

Wiki yote usukani ulikuwa unanguruma nikikata kona. Nilidhani ni matairi. Niliyajaza upepo, kelele ikabaki.

Tulipoanza kupanda milima ya Ngomo, usukani ukawa mzito ghafla, kama kuna mtu anaushikilia upande wa pili.

Nikasimama pale barabara inapopanuka. Nikafungua boneti na kubonyeza mkanda wa pampu ya usukani: mzima, umekaza. Chombo cha mafuta ya usukani: kikavu. Nikainama chini ya gari. Mpira unaotoka kwenye pampu umepasuka, tone linafuata tone kwenye matope. Nilimimina chupa ndogo niliyokuwa nayo. Ikavuja yote.

“Furaha, tutafika kweli?” maman aliuliza.

“Tutafika, maman. Magurudumu iko natii. Ni pampu tu haisaidie tena. Inaomba nguvu.”

Nilisema hivyo kwa sauti ninayotumia darasani kwa wanafunzi wangu. Moyoni sikuwa na hakika.

Simu haikuwa na mtandao. Kurudi chini kungekuwa kona zilezile. Midomo ya maman ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Nikaendelea. Gari likitembea, usukani unalegea kidogo. Likisimama, unakuwa jiwe. Basi nikajiapiza: sisimami.

Kwenye kona kali kuliko zote, lori likatokea juu yetu.

Nikakanyaga breki. Upande wetu ulikuwa wa korongo, na lori lilikuwa limeuingilia. Ili lori lipite ilibidi nikate usukani wote kuelekea mlimani, na gari limesimama. Nikavuta. Haukusogea. Lori lilipiga honi, matairi yake yakiteleza kwenye tope, likija.

Maman akafungua mkanda wake wa kiti.

“Sogeza mukono. Na miye nivute.”

“Maman, moyo yako...”

“Nyamaza, mutoto. Vuta!”

Tukavuta, mikono minne, yeye akiita jina la Yesu kwa Mashi, lugha ya kwetu. Usukani ukageuka. Nikaachia breki na kukanyaga mafuta, gari likajisukuma hadi kwenye mtaro wa upande wa mlima, na lori likapita likiondoka na kioo chetu cha pembeni.

Maman ndiye aliyesema, “Tuende.”

Kona zote zilizobaki tulizikata hivyo, wawili. Hospitalini walimwekea oksijeni palepale. Daktari aliniambia maji yamejaa mapafuni, na kwamba asingeiona asubuhi kule Kamanyola.

Tonton Ciza, fundi wangu, amekuja kuliangalia gari. Mpira ubadilishwe, na pampu nayo huenda imeungua kwa kuzunguka bila mafuta. Amenikataza kuliwasha.

Nimemwacha maman hospitalini amelala, anapumua vizuri. Mimi ndiye nisiyepata usingizi: kila nikifumba macho naona mikono yake ile iliyovimba ikivuta.

Kukikucha nitapanda hospitali kwa miguu. Nitaikanda mikono ile polepole, mpaka aniambie imetosha.