Mlango wa Chumba cha Mbele

8 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kelele. Sisi huku hatujambo. Wodini ni yaleyale, wagonjwa wengi na vitanda vichache.

Nakuandikia kwa kuwa simu huitaki, unasema maneno ya simu hayana mwenyewe. Nimejinyima miaka yote hii ya unesi, na sasa nataka kununua nyumba ya kupangisha. Moja tu ya kuanzia. Katika ukoo mzima wewe ndiye mwenye nyumba, na ulianza na kibanda ambacho hata kuku walikikataa. Nifundishe, Shangazi. Sitaki kuzeeka nikiwa mpangaji, nikisubiri mtu aje kuniambia nihame.

Wako,
Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti linalalamika lakini halijagoma. Barua yako imenifurahisha, maana nilidhani akili hizi nitazikwa nazo.

Sasa sikiliza. Nyumba usiiendee kiangazi. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Nenda siku ya mvua, vua viatu, tembea kila chumba, miguu itakwambia panapovuja. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukijibu kwa sauti kavu, huo una saruji. Ukinyamaza, umejengwa kwa mchanga na dua. Bomba lifungue mchana wakati mtaa mzima unafua, usilifungue alfajiri, alfajiri kila bomba lina adabu. Jirani muulize habari za choo, muuzaji usimuulize chochote. Na hati ipeleke ofisi ya ardhi kwa miguu yako mwenyewe. Usimpe dalali. Dalali hana nyumba, ana mdomo.

Haya wanayajua wengi. Hili ni langu mwenyewe: nunua nyumba yenye mtu ndani. Mtu king'ang'anizi, asiyetaka kuhama. Wanunuzi wote wataikimbia na bei itaanguka. Ukishaandikishana, mtoe. Nyumba yenye mtu huuzwa kwa bei ya huruma, nyumba tupu huuzwa kwa bei yake, na mimi nimekula katikati ya bei hizo mbili maisha yangu yote.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti je? Jaribu kulikanda kwa maji ya moto kabla ya kulala. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa mgumu.

Nimeipata na tumeshaandikishana. Vyumba vitatu, viwili vya nyuma vitupu, kimoja mbele kinachotazama barabara. Nilikwenda mvua ikinyesha, nikatembea peku kama kichaa, muuzaji akanicheka. Pakavu kote.

Chumba cha mbele anakaa mama mmoja fundi cherehani. Marehemu mwenye nyumba alimwahidi atakaa humo maisha yake yote. Watoto wa marehemu wameuza kwa bei ya kutupa kwa sababu yake, kama ulivyosema. Lakini kodi hachelewi, Shangazi. Nilipojitambulisha alinipa kigoda, akaniangalia mara moja tu, akasema, "Mwanangu, sare yako inakubana kwapani." Akaivua begani mwangu, akaifumua na kuishona upya, akakataa malipo.

Nikimtoa huyu, nitalala?

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, nimelikanda, halina shukrani.

Kwa hiyo kwapa moja ndilo limekununua? Ningejua bei yako ni ndogo hivyo ningekununua mimi. Ahadi ya marehemu akaidai huko aliko marehemu. Wewe umenunua matofali na bati, maneno ya watu hayakuandikwa kwenye hati.

Mwandikie. Na ushike hili kuliko yote niliyokufundisha: barua ya kumtoa mtu haiwekwi salamu. Ukimuuliza mtu hali yake atakujibu, na akishakujibu umekwisha. Usitaje jina, usitaje undugu, hata "ndugu mpangaji" usiandike. Mwisho weka "Mwenye nyumba", basi.

Asipotoka, tuma seremala akachukue mlango. Aseme unakwenda kurekebishwa. Mtu usimguse, wala kijiko chake usikitoe nje. Mlango ni mali yako, umeupeleka kwa fundi, nani atakushitaki? Binadamu huvumilia njaa na huvumilia giza, lakini kulala bila mlango hawezi. Sijamwona bado aliyemaliza wiki mbili.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijui nikujibu nini ukiniuliza.

Barua ya kwanza niliiwekea salamu, mkono ulizoea. Akanijibu ukurasa mzima, kwa mwandiko wa mtoto wa shule: kifua kinamsumbua, na kwamba hana pa kwenda, na kwamba ameniombea. Nikaandika ya pili bila salamu. Hiyo hakuijibu. Nikatuma seremala.

Wiki mbili zako alizimaliza. Alishona pazia kwa vipande vya sare za wateja, rangi kila namna, akatia mawe madogo kwenye pindo ili upepo usilinyanyue. Akalitundika kwa misumari akaendelea na kazi. Kisha mvua zikaanza kwa nguvu, na chumba kile kinatazama upande zinakotoka. Nilipita jioni moja nikitoka kazini. Kikohozi nilikisikia nikiwa ng'ambo ya barabara. Mimi ni nesi, Shangazi. Nakijua kikohozi cha namna ile na najua kinakwenda wapi. Nilisimama pale, nikakumbuka bei ya nyumba tupu, nikaenda zangu.

Walimleta kwenye wodi yangu. Alinifahamu. Akaniuliza kama kwapa bado linabana. Alhamisi amefariki.

Nimelia stoo ya dawa mpaka mkuu wangu akanirudisha nyumbani. Niambie neno lolote.

Mwanao


15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ni goti tu. Pole.

Kifo kinatoka kwa Mungu, na kifua alikuja nacho mwenyewe. Wewe ulipeleka mlango kwa fundi. Chumba kipake chokaa, cherehani waite ndugu zake waje waichukue, wasipokuja uza. Mlango usiurudishe haraka, acha kipigwe upepo.

Na hayo machozi ni ada ya shule, kila mtu hulipa. Wangu wa kwanza nilimlilia siku tatu. Wa pili nilimlilia jioni moja. Wa tatu nilipokwenda kumzika nilisahau kubeba leso, na sikuihitaji.

Shangazi yako


2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Goti je? Mimi mzima.

Nimenunua ya pili. Ilikuwa na mzee na wajukuu zake. Imeshakuwa tupu. Leso sikubeba.

Mwanao


27 Novemba

Mwanangu mpenzi, damu ya kaka yangu,

Marahaba sana. Habari za kazi? Unakula vizuri? Mimi goti limegoma kweli sasa, natembea kwa fimbo.

Mwanangu, yamenikuta. Unajua nyumba zangu zote niliziandika kwa jina la mwanangu wa pekee, ili ndugu za marehemu mume wangu wasizisogelee. Niliona nimewaweza. Kumbe kijana ameziuza moja moja kimyakimya, na ya mwisho ni hii ninayokaa. Nilijua siku mnunuzi alipokuja. Kijana mdogo, mpole, alivua viatu mlangoni huku mvua inanyesha. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akanitazama mimi nilivyokaa kitini, kisha akaomba apunguziwe bei.

Nipe chumba, mwanangu. Hicho cha mbele, kisicho na ngazi. Sitakusumbua, siku zangu zenyewe zimebaki chache.

Shangazi yako mzazi


3 Desemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti, na pole kwa mwanao.

Karibu. Chumba ni kilekile cha mbele, mlango nimeurudisha. Misumari ya pazia bado iko ukutani, nakuomba usiing'oe.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Wazima huko? Barua zangu mbili hukujibu, nikasema labda kazi zimekuelemea.

Leo amekuja seremala. Amenisalimia vizuri, akauchukua mlango, anasema unakwenda kurekebishwa. Mwanangu, mlango ule haukuwa na ubovu wowote. Bawaba nimezitia mafuta mimi mwenyewe juzi. Jirani ananiambia wiki iliyopita ulikuja na mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkaizunguka nyumba, na kwangu hukupiga hodi.

Mimi nafahamu mzaha. Kama umetaka kunionjesha, nimeonja. Mvua zimeanza, kitanda nimekisogeza mpaka pembeni na bado zinakifikia. Nimetundika shuka kwenye ile misumari, lakini linapeperuka, sikujua kutia mawe kwenye pindo. Watu wanaopita barabarani wananiona nikilala. Jana usiku nimekohoa.

Kama nimekukosea, niambie. Yule mama ninamwota. Yalikuwa maneno yangu, najua, nilikuandikia mimi. Lakini mimi ni dada wa baba yako, nimekubeba mgongoni.

Nijibu hata mstari mmoja. Tangu ujue kuandika hujawahi kuniletea barua bila kuniuliza hali. Niulize habari za goti, mwanangu. Niulize tu.

Shangazi yako


29 Machi

Mlango uko kwa seremala. Nyumba imepata mnunuzi, na anaitaka tupu.

Mwenye nyumba