Plagi Huku na Huku

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, goti la mama limepoa, amerudi kwenye cherehani yake, anakusalimu.

Ukumbi mkubwa unatafuta fundi wa kudumu wa vipaza sauti. Kila kitu nimepita, ila meneja, mtu asiyejua kutofautisha spika na kabati la nguo, anataka barua kwamba nyaya zangu zimekidhi viwango. Viwango vya nini? Waya unapitisha sauti, haupitishi treni. Wewe si unakalia kiti cha kuzunguka huko maabara ya viwango? Gonga muhuri, yaishe. Nimekutumia waya mmoja uutazame.

Kaka yako

15 Machi

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima, na habari za goti zimenifurahisha.

Meneja wako hajui anachouliza. Waya wa sauti tupu haudaiwi muhuri wetu, mwambie hivyo. Lakini ulionitumia ni mtego. Umefunga plagi ya ukutani huku na huku. Mtu akichomeka upande mmoja ukutani, upande wa pili meno ya plagi yapo nje na yana umeme. Kazi ya ovyo kabisa, kaka. Zikate zote leo, ufunge plagi za spika. Barua siandiki.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nimepokea, na dharau pia. Miaka ishirini nafunga hivi. Plagi za ukutani zipo kila duka na hazichomoki watu wakicheza. Mjinga gani achomeke spika ukutani? Labda huko kwenu mliosoma. Nimemsomea mama hilo la “kazi ya ovyo” tu, amecheka mpaka akapaliwa. Asiyesikia la mkuu unajua mwisho wake, na mkuu hapa ni mimi.

Kaka yako

29 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku si salama.

Juzi nilitandaza vyombo vya sauti sebuleni nivijaribu. Mama akataka kunisaidia. Aliona plagi, akaona tundu ukutani, akachomeka. Upande wa pili alikuwa ameushika. Yu hai, namshukuru Mungu. Hospitali wamemkata vidole viwili vya mkono wa kulia, na cherehani ndiyo basi tena.

Ananiuliza waya ule ulitoka wapi. Nimemwambia niliuziwa dukani hivyo hivyo. Nakuomba usimwambie vingine. Zote nimezikata.

Kaka yako

6 Mei

Kaka, shikamoo.

Afya yangu njema.

Mama amenipigia simu. Anasema mimi ndiye mtu wa viwango, nimtafute huyo mwenye duka nimshtaki, asije akaua mtoto wa watu. Kila siku anauliza nimefikia wapi. Wewe anakuonea huruma, eti maskini, walimtapeli mwanangu.

Jumamosi nafika. Kaa naye mumalize kabla sijaingia, maana nikikuta bado anakuhurumia, nitamwambia mimi mwenye duka ni nani.

Mdogo wako