Kichwa Kipya cha Taa ya Ukutani

Kwa mume wangu Feruzi, popote ulipo upande wa Tabora,

Wanasema tangu reli ifike huko, barua haikai njiani. Basi hii haina sababu ya kuchelewa, wala zako hazikuwa nayo.

Nakumbuka ulivyoipigilia ile taa ukutani, jioni ya kuamkia safari yako na wajenzi wa reli. Ulipiga misumari minne, nikakutania kwamba mwizi itambidi abebe na ukuta. Ukacheka, ukasema, "Iwake kila usiku hapa dirishani. Nikirudi niione tangu njiani." Nilikupenda sana jioni ile, na sioni haya kuliandika.

Lakini uliniachia mlinzi, Feruzi. Nikiizima mapema, asubuhi ndugu yako Mabruki yuko mlangoni: "Shemeji, mbona jana giza?" Ikichelewa kuzimwa, anauliza nilikuwa na nani. Mara mbili nimekwenda kwa kadhi kuomba nifunguliwe ndoa hii, maana sijui mimi ni mke au mjane. Mara mbili Mabruki amesema mbele yake kwamba salamu zako zinafika kwa wasafiri, na kadhi akanirudisha nyumbani. Vyumba viwili, dari ya udongo karibu na utosi. Ziko siku nasimama katikati ya chumba sijui nikakae wapi.

Wiki iliyopita kichwa cha taa kililiwa na kutu, utambi haupandi wala haushuki. Mabruki akanipeleka dukani kwa Mhindi aliye karibu na stesheni, kwa kuwa hataki nitoke peke yangu. Kichwa kibovu nilikiacha nyumbani. Nilichukua uzi niliopimia shingo ya taa, kama tunavyopima mkono wa anayenunuliwa bangili. Mhindi akauangalia, akatikisa kichwa.

"Mama, uzi unanipa upana tu. Hesi, ile mizunguko ya kukazia kichwa, nitazijuaje?"

Akapanga vichwa vitatu mezani. Nikavishika kimoja kimoja, nikavirudisha. Vyote vilifanana machoni pangu, na kila kimoja kilikuwa miaka mingine ya kukaa dirishani. Mhindi, anayejua uko safarini, akaona hatuamui, akamwambia Mabruki, "Mwenye taa anarudi lini? Mngoje achague mwenyewe."

Jua lilikuwa kali, na Mabruki unamjua, hana subira. "Arudi lini? Mwaka wa tatu huu hatujapata hata salamu yake. Wewe toa kimoja twende."

Kwenye benchi la duka walikuwa wamekaa muadhini wa msikiti wetu na fundi mshona kanzu. Muadhini akaacha kuvuta tasbihi. Mabruki hakuona kitu, alikuwa ameshachukua kichwa kipana kuliko vyote, na kilipofika nyumbani hakikuingia.

Kesho yake nilikwenda kwa waungwana wale, peke yangu, buibui limenifunika mpaka machoni. Wamekubali kumweleza kadhi walichokisikia, Jumatatu atakaponisikiliza tena.

Kama u hai, nakuombea heri, na chuki sina. Kama umetangulia, unisamehe kwa kuuliza kwa sauti. Nimekungoja kwa moyo wangu wote, kisha nikangojeshwa kwa nguvu, na kungoja huku kwa pili sikuwezi tena.

Kwaheri, Feruzi.

Mimi mkeo, mpaka Jumatatu.