Fito Tatu za Muriithi

Jumamosi, Agosti 1971

Bado simwamini Muriithi, mume wa binti yangu. Amekuja kutoka Wamagana na fito tatu zilizofungwa pamoja karibu na ncha kwa tyubu ya baiskeli, eti niegemeze bunduki kesho tutakapomfuata nyati anayeharibu viazi vyetu.

"Baba, huko kwa mteremko fito mbili zitateleza."

"Miaka yote nimeegemea mti."

"Ni kweli, baba. Lakini miti ya huko imeoza."

Haijaoza. Nilishuku kwamba anainyemelea bunduki yangu, na kwamba anatafuta njia ya kuwaonyesha watu kuwa nimezeeka.

Jioni nilizijaribu peke yangu nyuma ya ghala. Nilipopiga goti, fito zilinifika begani sawasawa, ingawa hakunipima. Mtutu ulitulia. Nilipoziondoa, ulitikisika.

Kumbe ameuona mkono wangu. Kwetu mkwe hawezi kumwambia baba wa mkewe kwamba anatetemeka, kwa hiyo amesingizia miti.

Sipendi kuchunguzwa. Lakini nyati aliyejeruhiwa hurudi kushambulia, na atakayetangulia mbele yangu ni mume wa binti yangu.

Kesho bunduki italala juu ya fito hizo, au sitafyatua.