Kichwa cha chewa huko Maskati

Jumanne usiku

Usingizi hauji. Mwanangu Rehema kanipigia leo simu ya picha akiwa soko la samaki huko Maskati, anataka nimchagulie chewa kama tulivyokuwa tukichagua hapa Bagamoyo. Nikamwambia, "Mfunue mashavu, mama, nione kama ndani bado pekundu." Pekundu kweli, samaki wa leo. Nikafurahi.

Muuzaji akamkatia vipande. Kichwa, Rehema akamwambia atupe.

Kichwa cha chewa! Tangu waoane, mumewe hagusi mchuzi usio na kichwa, nyumba nzima tunamtania kwa hilo. Nikamuuliza, "We Rehema, na Salumu atakula nini?"

Akacheka kidogo. "Mama nawe! Simu inaisha chaji." Akakata.

Labda mume kasafiri. Labda wamegombana tu, ndo ndoa. Lakini huyu mtoto akiwa na jambo zito hucheka vilevile, tangu mdogo, na mimi niko huku, hata mkono siwezi kumshika.

Baba yake sijamwambia. Baada ya isha nimefagia chumba cha Rehema, nikatandika shuka safi. Akija ghafla, asikute vumbi.